Mstari Aliouruka Lydiah

Siku za soko, nyumba ya kina Lydiah iliamka mapema kuliko nyumba zote za jirani. Mama yake, Nelius, aliwasha moto, naye Lydiah akakunja mikono ya sweta na kushika kitambaa cha kuchujia asali. Kazi hiyo haitaki pupa. Asali hushuka kwa wakati wake, na ukikamua kitambaa kwa nguvu, nta na uchafu hupita pamoja nayo. Lydiah alikuwa darasa la saba wakati huo, na kazi hiyo aliijua hata angefumbwa macho.

Kwao ni Siakago, ule upande mkavu wa Embu ambako mahindi huweza kukataa lakini nyuki hawakatai. Baba yake, Ireri, alitundika mizinga kwenye migunga hadi karibu na mto Tana, na muda mwingi alikuwa huko pamoja na mbuzi wake. Kuuza ilikuwa kazi ya mama. Mama Lydiah hakuingia darasani hata siku moja, lakini kwa mambo ya asali, jamani, usimwambie kitu! Alikuwa akionja tone moja tu, kisha anakuambia nyuki walikula maua gani na mzinga ulitundikwa upande gani wa kilima.

Shida ni kwamba mwaka huo mvua ilinyesha vizuri, na kila boma la Siakago lilikuwa na asali. Sasa nani amwuzie nani? Mama alishinda sokoni akifukuza nzi, na jioni akarudi na mitungi yake ile ile.

"Asali hii inataka watu wa mjini," akasema siku moja. "Na mimi mjini nitakaa kwa nani?"

Jirani yao Mbogo, fundi wa viti, ndiye aliyekuwa na jibu. Huko Embu mjini kulikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Lorna. Alikuwa na kiofisi chenye mashine ya kupiga chapa, mashine ya kutoa kopi na simu. Wafanyabiashara wadogo wasioweza kukodi duka mjini walimwachia yeye kazi ya kuwatangazia. Aliandika matangazo, akayabandika, akapokea simu za wateja na kutuma mizigo yao, halafu akachukua fungu lake. Mbogo mwenyewe aliuza viti kwa njia hiyo, na wateja wake wengi hakuwahi kuwaona.

"Kwa hiyo mtu ambaye simjui atawaeleza watu nisiowajua habari za asali yangu," mama akasema.

"Ndiyo maendeleo hayo, Mama Lydiah," Mbogo akacheka. "Wewe kaa na nyuki wako, yeye akae na simu."

Mama alifikiri siku kadhaa, mwishowe akakubali. Lakini kulikuwa na jambo moja. Nyumbani walisema Kimbeere, na Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuchechemea. Mbele ya simu, hata hicho kidogo kilimtoroka. Basi kazi ya kuzungumza na Lorna akamkabidhi Lydiah. Kila Ijumaa baada ya shule, Lydiah alipita kwenye kibanda cha simu mbele ya posta, akatia sarafu, akasikia habari za wateja na kumpelekea mama.

"Huyu ndiye mdomo wangu wa mjini," mama aliwaambia wanawake wenzake sokoni. Lydiah aliposikia hivyo alijiona amekuwa mtu mkubwa. Tusifichane, hata mwendo wake ulibadilika. Darasani wenzake walianza kumwita Meneja, naye hakuwakataza.

Tangazo la kwanza lilikuwa na maneno ya mama mwenyewe: asali safi ya Siakago, ya maua ya mgunga, haikuchanganywa na sukari wala maji. Lorna akalibandika. Wiki ikapita, na nyingine ikapita. Walionunua ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

"Sasa, mrembo," Lorna akasema Ijumaa moja kwenye simu. "Nikuambie ukweli? Hilo tangazo limelala. Watu wa mjini utamu wanaupata kwa soda. Wao wanatafuta dawa. Hiyo asali yenu inaponya nini?"

"Kikohozi," Lydiah akajibu. "Nyanya hutupatia tukikohoa."

"Kikohozi tu? Presha je? Ugonjwa wa sukari? Kuna jamaa hapa anauza majani, ameandika yanaponya kila kitu, na watu wanamjazia mlango."

Lydiah akasita. Hakuwahi kumsikia mama akisema maneno kama hayo. Mara simu ikalia ule mlio wa kuonyesha sarafu inakwisha, na mfukoni hakuwa na nyingine. Angeweza kusema, "Ngoja nimwulize mama, nitakupigia Ijumaa ijayo." Maneno hayo yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini meneja gani huyo wa kumwuliza mama kila kitu?

"Andika vile unavyoona ni sawa," akasema haraka, na simu ikakatika.

Tangazo jipya likafika siku chache baadaye, limekunjwa ndani ya mfuko pamoja na mitungi mitupu. Lilikuwa zuri, la herufi kubwa nyeusi, na Lorna alikuwa amechora nyuki pembeni. Mama akaketi kwenye kigoda, akafuta mikono kwa leso.

"Haya, nisomee."

"Asali halisi ya Mama Nelius wa Siakago," Lydiah akasoma. "Safi, haijachanganywa."

Mama akatabasamu kusikia jina lake. Macho ya Lydiah yakashuka kwenye mstari uliofuata: INAPONYA VIDONDA VYA TUMBO, PRESHA NA UGONJWA WA SUKARI. TUPA VIDONGE!

Alijua vizuri mama angesema nini. Angetaka tangazo lile liondolewe siku hiyo hiyo, kisha angeuliza ni nani aliyemruhusu Lorna. Lydiah akauruka ule mstari na kutua chini yake.

"Piga simu namba hii," akamalizia.

"Basi? Maneno yote hayo meusi ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Mama akalipokea, akalipangusa kwa kiganja kana kwamba lina vumbi, akapika uji wa unga uwe gundi na kulibandika ukutani, mahali ambapo kila mgeni angeliona. Bahati ya Lydiah, wageni wengi hawakujua kusoma, na waliojua walisifu tu ile picha ya nyuki. Tangu siku hiyo Lydiah alikula chakula chake akilipa mgongo tangazo lile.

Na tangazo lilifanya kazi, msidhani halikufanya! Simu zilianza kumiminika kwa Lorna. Akampa dereva wa lori kopi nyingine akazibandike Meru mjini, na huko nako watu wakaitaka asali ya Mama Nelius. Mama alilazimika kununua mitungi mipya. Aliimba akichuja. Lydiah alipomwona akiimba, alijiambia kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba asali haijawahi kumdhuru mtu.

"Kuna mzee mmoja Meru, anaitwa Younis, ana duka la vitambaa," Lorna akamwambia kwenye simu. "Huyo ndiye mteja! Anaimaliza kama maji."

"Anakula na familia yake?"

"Wapi! Ni yake mwenyewe. Ana ugonjwa wa sukari."

"Anasema anapata nafuu?" Lydiah akauliza.

"Mimi nitajuaje? Anaagiza tena na tena. Mtu haagizi kitu kisichomsaidia, ama?"

Lydiah alirudisha mkono wa simu mahali pake, akasimama pale kibandani mpaka mtu aliyekuwa akingoja nje akagonga kioo. Alitaka kumwambia mama jioni ile. Akafika nyumbani, akamkuta mama anacheka na jirani, akanyamaza. Kesho yake ilikuwa vigumu zaidi, na kesho kutwa vigumu kuliko hapo.

Jumamosi moja, soko likiwa limechangamka, msichana mmoja mgeni alipita kati ya wauzaji akiuliza jambo. Alikuwa mkubwa kidogo kumpita Lydiah, amejifunga mtandio uliojaa vumbi la njiani, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Watu wakamwonyesha mama.

"Karibu, karibu mteja," mama akasema, akitumia yale maneno ya Kiswahili aliyoyaweza.

"Sikuja kununua, mama," yule msichana akasema. "Mimi ni Sabirin. Mzee Younis wa Meru ni baba yangu."

Mama akamgeukia Lydiah amfasirie. Sabirin akaendelea kusema, taratibu, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo njia nzima. Baba yake alikuwa akimeza vidonge vya sukari miaka mingi. Aliposoma tangazo la asali, akavitupa. Alikula asali asubuhi, mchana na jioni. Kisha akapata kidonda mguuni, kidonda kikakataa kupona, na juzi akaanguka dukani akapoteza fahamu. Sasa yuko hospitalini.

"Anasemaje?" mama akauliza kwa Kimbeere. "Mbona unanyamaza? Fasiri."

Lydiah angeweza kubadilisha maneno. Angeweza kusema tu kwamba mzee ni mgonjwa na binti yake amekuja kutoa habari. Mama asingejua. Sabirin asingejua. Lakini alipotazama yale macho mekundu, alishindwa. Akafasiri yote, neno kwa neno, mpaka lile la vidonge kutupwa.

Mama akasimama. "Nani alimwambia asali yangu inaponya sukari?"

Sabirin hakuhitaji kufasiriwa swali hilo. Alitoa karatasi kwenye mkoba wake, akaikunjua. Ilikuwa na herufi kubwa nyeusi na nyuki pembeni.

"Hilo ninalo nyumbani!" mama akasema, sauti ikipanda. "Liko ukutani, nimesomewa lote. Halisemi hivyo. Lydiah, mwambie huyu mtoto wa watu kwamba halisemi hivyo."

Wauzaji wa karibu walikuwa wameacha kazi zao. Muuza maharagwe alishika kikombe chake cha kupimia hewani.

"Linasema, mama," Lydiah akajibu kwa sauti ndogo. "Mstari huo upo. Niliuruka nilipokusomea."

"Uliuruka."

"Lorna aliniuliza aandike nini, nikamwambia aandike anavyoona. Halafu nikaogopa."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama Lydiah kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyemjua zamani. Ujue, kwao kila mzinga huchongwa alama ya ukoo, na asali ya mzinga wenye alama ndiyo hupelekwa kwa wakwe siku ya posa. Anayeipokea hapokei utamu tu, anapokea neno la watu wa alama ile. Na neno lao lilikuwa limemlaza mtu hospitalini.

"Mama," Sabirin akasema, na sasa machozi yalimtoka, "sikuja kukugombeza. Nimekuja kukuomba. Baba amezinduka, lakini anakataa sindano ya daktari. Anasema mwenye asali hawezi kuweka jina lake kwenye uongo, kwa hiyo akiongeza asali atapona. Daktari anasema mguu unaharibika, na baba akizidi kukataa tutampoteza. Sisi hataki kutusikia. Wewe atakusikia. Njoo umwambie kwa mdomo wako."

Lydiah akafasiri huku akilia. Mama akafunika mitungi, akamwomba muuza maharagwe amwangalizie, akajifunga leso upya kiunoni.

"Mwambie tunakwenda sasa hivi," akasema. "Na wewe unakwenda. Ulikuwa mdomo wangu wa kuuza. Leo utakuwa mdomo wangu wa kukana."

Walifika Meru jua likiwa limeinama. Wodi ilinuka dawa na jasho. Mzee Younis alikuwa mtu mkubwa wa mwili, ndevu zake zimepakwa hina, na mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo. Sabirin alipomwambia kwamba huyu ndiye Mama Nelius, mzee alijiinua kwa kiwiko, na uso wake ukachangamka.

"Umeniletea nyingine?" akauliza.

Lo! Lydiah alitamani sakafu ile ya saruji ipasuke. Mama akamwekea mkono begani, akamsukuma mbele kidogo.

"Mzee," Lydiah akaanza. "Asali yetu ni chakula tu. Haiponyi sukari. Tena kwa mtu mwenye sukari inadhuru. Mama hakusema maneno yale. Niliacha mtu mwingine ayaandike, halafu nikamficha mama. Ni mimi."

Mzee Younis alimtazama, kisha akamtazama mama, kisha akarudi kwake. Ule uchangamfu ukamtoka usoni.

"Ndugu yangu Kullow alidungwa sindano hii," akasema polepole. "Hakumaliza mwezi. Mimi nimeiogopa tangu siku hiyo. Nilipoona tangazo lenu, binti, nililia dukani. Nilidhani Mungu amenifungulia mlango."

Muuguzi aliyekuwa akiandaa trei akageuka. Alikuwa mwanamke mnene mpole aliyeitwa Sheila. "Mzee, ndugu yako hakuuawa na sindano," akasema. "Bila shaka aliipata ikiwa imechelewa, kama wengi wanaoikimbia. Wanaikimbia mpaka mwili umeharibika, kisha wakifa, sindano inapewa lawama. Ugonjwa huu hauponi, lakini ukimeza dawa na kuangalia chakula unaishi nao ukazeeka. Wewe bado una nafasi. Lakini ni leo, si wiki ijayo."

Mzee alikuwa anamtazama mama. Basi mama akasogea mwenyewe, akainama karibu na kitanda, akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea bila kumngoja Lydiah.

"Baba Sabirin. Asali yangu ni tamu. Kwako wewe ni sumu. Mimi mwenye asali nasema. Kubali dawa. Naomba sana."

Mzee Younis akafumba macho, na kwa muda Lydiah alidhani amekataa. Kisha akanyoosha mkono wake kuelekea kwa muuguzi, akautandaza juu ya shuka, akageuza uso ukutani.

Sabirin alikaa chini pale pale sakafuni akalia kwa sauti. Lydiah alibaki amesimama, hakujua afanye nini na mikono yake. Walipokuwa wakiondoka, alirudi kitandani na kusema, "Nisamehe, mzee."

"Nimekusikia, binti," mzee akasema bila kugeuka. "Leo sina zaidi ya hilo. Nenda."

Waliambiwa baadaye kwamba mzee alipata nafuu na kurudi dukani kwake. Lakini vidole vya mguu ule vilikatwa, na hadi leo anatembea na fimbo.

Kesho yake baada ya kutoka hospitalini, mama na Lydiah walisimama mlangoni kwa Lorna, pale Embu mjini. Ndiyo mara ya kwanza mama kumwona. Lorna alikuwa kijana mdogo tu, mwembamba, amesuka nywele, na aliposikia habari za Mzee Younis alishika meza kwa mikono miwili.

"Mimi sikutaka mtu aumie, Mama Lydiah," akasema. "Kila mtu anaandika hivyo. Nilimwuliza Lydiah, akaniambia niandike ninavyoona."

"Aliniambia," mama akajibu, na Lydiah akafasiri. "Sikuja kukutupia lawama yote, maana si yako peke yako. Nilikupa kazi ya kunitangazia, sikukupa ruhusa ya kunisemea nisichokijua. Lakini mimi pia nilikupa jina langu bila kukuonyesha mpaka wake. Nilifurahia mitungi kwenda, sikuuliza inakwenda kwa maneno gani. Sasa funga mlango huu. Tuna kazi."

Siku hiyo walizunguka Embu yote. Walibandua matangazo sokoni, kwenye kuta za saluni, kwenye nguzo za stima, mpaka kucha za Lydiah zikatoka damu kwa sababu ya uji wa unga uliokauka. Walimtafuta dereva wa lori naye akaahidi kubandua ya Meru. Kisha Lorna akampa Lydiah simu, na Lydiah akawapigia wateja mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimwambia maneno yale yale: asali yetu ni chakula, haiponyi ugonjwa, tafadhali usiache dawa zako. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana. Mama mmoja wa Manyatta alisema alikuwa ameacha vidonge vya presha wiki iliyopita tu, akauliza kama bado hajachelewa. Lydiah akamsihi aende hospitali siku hiyo hiyo, na mama yule akaahidi kwenda.

Walipomaliza, Lorna akaweka karatasi nyeupe kwenye mashine yake. "Tuandike nini sasa, mama?"

"Andika asali safi ya maua ya mgunga," mama akasema. "Kisha andika kwamba si dawa. Mwenye ugonjwa wa sukari asiile kabla ya kumwuliza daktari. Herufi ziwe kubwa kama zile za kwanza. Halafu Lydiah atanisomea, na wewe utanisomea, na nikisikia tofauti hakibandikwi kitu."

Lorna akasita. "Mama, samahani, maneno hayo yatafukuza wateja."

"Na wafukuzike," mama akasema. "Wafukuzike wakiwa wazima."

Mashine ikaanza kugonga. Mama akamvuta Lydiah kando, karibu na dirisha. Lydiah alijua karipio linakuja, akainamisha kichwa.

"Nitazame," mama akasema. "Kumpa mtu kazi si vibaya. Mimi siwezi kuwa Siakago na Embu kwa wakati mmoja, na Lorna ana mikono mizuri. Lakini ukimpa mtu kazi, bado ni yako. Utamwambia mpaka wake, utaangalia alichofanya, na kikiharibika utasimama wewe mbele ya watu. Mimi sikufanya hivyo, nikaaibika. Na wewe, uliogopa nikukaripie kwa mstari mmoja. Ungeniambia siku ile, ningekukaripia, tungelala, tungeamka. Ulidhani umeruka maneno, Lydiah. Ulimruka mtu."

Lydiah akalia, na safari hii mama akamkumbatia. Hakumwambia anyamaze.

Kabla hawajatoka, simu ikalia. Lorna alitaka kuipokea, lakini mama akamwonyesha Lydiah kwa kidevu. Lydiah akashika mkono wa simu kwa vidole vyake vilivyochubuka. Upande wa pili mwanamume aliuliza kama ndiyo ile asali ya Mama Nelius inayoponya sukari, maana alitaka mtungi mzima.

"Asali ni ya Mama Nelius, ndiyo," Lydiah akasema. "Lakini haiponyi sukari. Tangazo lile lilikuwa uongo. Tafadhali mwone daktari."

Mtu yule akakata simu.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Hakusema kitu. Amekata."

"Sawa," mama akasema, akachukua mkoba wake. "Amesikia. Twende nyumbani."